Jengo Linapanda, Watu Wanahesabu Fremu

Ukitaka kujua watu wa Dar es Salaam wanalionaje jengo la biashara linalojengwa, usiwaulize kama ni zuri. Watakujibu ni zuri. Jiji hili halijawahi kupungukiwa watu wa kusifia ghorofa. Kaa nao kidogo tu, mada itahama yenyewe: fremu, yaani chumba cha duka, ya chini itakwenda shilingi ngapi, majina ameandika nani, waliokuwepo wanarudi au ndiyo basi, na mwekezaji yule ana ubia na nani.

Maneno haya hueleweka vibaya mara nyingi. Viongozi wakiyasikia huyaita kupinga maendeleo. Walio mbali na biashara huyaita wivu, au tabia yetu ya kulalamikia kila kitu. Mimi nayaona kuwa ni majadiliano ya bei na nafasi, yanayofanyika barabarani kwa sababu hayakupewa ukumbi, na yanayochelewa kwa sababu waliopaswa kusikilizwa mapema hawakuwa na karatasi ya kuwaingiza mlangoni. Ili lieleweke, inabidi tuyatazame majengo yenyewe, maana kila moja lilizua kelele za namna yake.

Soko lililoungua na orodha iliyobaki

Tuanze na soko la Kariakoo. Jengo lake kuu lilichorwa na Beda Amuli, anayetajwa kuwa msanifu majengo wa kwanza Mwafrika katika Afrika Mashariki na Kati, na Mwalimu Nyerere akalizindua mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyoelekezwa juu, inayopokea maji ya mvua na kuyateremsha chini. Mwenye nyumba ni Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Hili la mwenye nyumba likumbuke, tutalirudia.

Usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, soko likashika moto. Serikali ikaahidi kulikarabati jengo kuu na kujenga jipya kando yake, palipokuwa na soko dogo, kwa gharama iliyotajwa kuwa takriban shilingi bilioni 28. Mabati yakazungushwa, winchi ikasimama, wafanyabiashara wakatawanywa Kisutu, Machinga Complex na kwingineko.

Mwitikio wa kwanza ulikuwa shaka. Kila soko linapoungua nchini, hazipiti saa nyingi kabla hujasikia mtu akisema limechomwa, na soko la mitumba la Karume lilipoteketea Januari 2022, miezi sita tu baada ya Kariakoo, waliokuwa wakisema hivyo walijiona wamepata ushahidi. Sina haja ya kushabikia madai hayo. Ninachoona ni kwamba yana mantiki yake hata kama hayana ukweli. Haki nyingi za sokoni hazina maandishi. Mtu amekaa kwenye kizimba miaka kumi na tano, alikinunua kwa aliyekinunua kwa mwenye mkataba, na uthibitisho wake pekee ni kwamba kila asubuhi yeye ndiye anayefungua kufuli. Kizimba kikiungua, kufuli limekwenda nacho. Atakayerudi atarudi kwa orodha, na orodha inaandikwa na mtu. Ndiyo maana mwenye soko la karatasi huuona moto kama ajali, na mwenye soko la kufuli akauona kama kufukuzwa.

Kisha ukaja mwitikio wa kusubiri, ambao haupigiwi picha wala kutangazwa ingawa ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Soko halihami kama kabati. Mteja wa viungo, wa mbegu, wa dawa za mifugo au wa mbogamboga alizoea kumkuta muuzaji wake pale, kati ya duka fulani na ngazi fulani, na akimkosa hamtafuti Kisutu. Ananunua kwa jirani aliyebaki Kariakoo. Kwa hiyo kila tarehe ya kukabidhi jengo iliposogezwa mbele, aliyekuwa ukimbizini alikuwa anapoteza wateja ambao hata jengo likikamilika hawatarudi wote. Mkandarasi akisema ameongezewa miezi, kwake ni ratiba. Kwa muuza viungo ni mtaji. Watu wakasema wanapigwa danadana, na kuna waliowashangaa kwa kukosa subira na mradi wa mabilioni unaojengwa kwa faida yao.

Julai 2024 ndipo kelele zilipotoka hadharani. Majina ya wanaotarajiwa kurudi yalianza kutangazwa, baadhi ya wafanyabiashara wakajitafuta wasijione, na wengine wakaandamana hadi ofisi ndogo ya CCM pale Lumumba. Jambo la madeni nalo likaingia: anayedaiwa na Shirika atarudi vipi, alipe kwanza au arudi kisha alipe? Kwa aliye nje hili lilionekana kama fujo la ghafla. Lakini ukilifungua utaona limebeba swali moja ambalo halijawahi kujibiwa vizuri katika soko lolote kubwa hapa nchini, yaani mfanyabiashara wa soko hili ni nani.

Yupo mwenye mkataba na Shirika. Huyu jina lake limo kwenye daftari, na mara nyingine yeye mwenyewe hajakanyaga sokoni kwa miaka. Yupo aliyepangishwa na huyo mwenye mkataba, anayemlipa kodi kubwa kuliko ile inayofika kwa Shirika, tofauti ikiishia mfukoni mwa mtu wa kati. Yupo aliyegawiwa nusu ya meza na huyo wa pili. Yupo ndugu wa marehemu, anayeendesha biashara kwa jina la mzee ambaye mirathi yake haijafunguliwa. Yupo mama lishe anayewapikia wote hao tangu alfajiri, yupo kuli, yupo winga anayemkamata mteja mlangoni na kumpeleka dukani kwa kamisheni. Ukimuuliza kila mmoja wao kama yeye ni wa Kariakoo, atakujibu ndiyo, na hatakuwa amekudanganya.

Sasa mpe karani kazi ya kuandika orodha. Akifuata mikataba, atawarudisha watu wasiofanya biashara na kuwaacha wanaofanya. Akifuata waliokuwa wakikaa mezani, atamnyima mwenye mkataba haki yake ya kisheria na kumzawadia aliyepangishwa kinyume cha utaratibu. Akitangaza zabuni mpya kwa kila mtu, mwenye fedha kutoka mtaa wa pili atawazidi wote. Hakuna njia kati ya hizo isiyozalisha waandamanaji. Na madeni yanazidisha ugumu, kwa sababu anayedaiwa ni mwenye mkataba, wakati pengine aliyekuwa mezani alilipa kodi yake kila mwezi kwa mtu ambaye hakuifikisha. Utamwambia nini mtu huyo, alipe mara mbili?

Nitasema wazi upande wangu: kosa halikuwa la mwaka 2024. Lilikuwa la miaka yote ambayo Shirika na halmashauri zetu zilikubali kodi ndogo ya karatasi huku zikijua kodi halisi inalipwa kwingine. Ujenzi haukuleta mgogoro, ulilazimisha hesabu ifungwe.

Kwa nini hakuna anayetaka ghorofa ya tatu

Lipo lalamiko jingine linalosikika kila linapopanda soko la ghorofa, na wataalamu huliona la kijinga: watu hawataki kupewa nafasi juu. Majibu wanayopewa ni kwamba dunia nzima inapanda ghorofani, kwamba kuna lifti, kwamba wazoee.

Nenda Machinga Complex pale Karume, Ilala, usome jibu. Majengo yale yalijengwa kwa mkopo wa NSSF kwa halmashauri ya jiji, yakakamilika mwaka 2010, yakikusudiwa kuwachukua maelfu ya machinga kutoka barabarani. Kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilikaa tupu wakati barabara zinazolizunguka zikijaa meza. Ilisemwa kuwa machinga ni wabishi. Lakini wabishi hao walikuwa wamepiga hesabu sahihi kuliko waliopanga mradi.

Biashara ya machinga inaishi kwa macho ya mpita njia. Mteja wake hakutoka nyumbani kununua soksi. Ameteremka kwenye daladala, ameziona, amenunua. Mteja wa namna hiyo hapandi ngazi. Duka la juu linamfaa anayetafutwa kwa jina: fundi cherehani mwenye sifa, muuza jumla ambaye mteja wake wa Songea au Lubumbashi anajua anakokwenda, wakala, ofisi, stoo. Kwa hiyo kwenye ghorofa za Kariakoo utakuta sakafu ya chini na ya kwanza zinagombewa kwa fedha nyingi, na kadiri unavyopanda kodi inashuka, maduka yanageuka stoo, na juu kabisa unaikuta gesti au makazi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Tatizo linakuja pale mradi wa umma unapogawa nafasi kwa idadi ya watu. Mipango husema jengo litachukua wafanyabiashara kadhaa, wakihesabu sakafu zote sawasawa. Mfanyabiashara anajua kuwa nafasi zenye uhai ni zile za chini, na kwamba atakayepata ya juu amepewa kizimba bila wateja. Basi wanaposikia jengo jipya lina sakafu nyingi hawafurahii ukubwa wake. Wanaanza kuulizana watagawaje. Kwa kura? Kwa aina ya bidhaa? Kwa kufahamiana? Kura ni haki, lakini inaweza kumpeleka muuza matikiti juu na muuza simu chini. Kugawa kwa aina ya bidhaa kuna akili zaidi, kwani mteja wa vitambaa atapanda kama vitambaa vyote viko juu, ila inahitaji msimamizi asiyehongeka, maana siku ya pili tu mtu atataka kuuza soda kwenye eneo la mchele.

Na hata ugawaji ukiwa safi, kuna machinga wa nje. Oktoba 2021, baada ya agizo la Rais Samia, wamachinga waliondolewa barabarani katika miji mingi na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Baada ya muda wengi wakarejea. Mpangaji wa ndani ya soko jipya anajua kuwa bidhaa ileile anayoiuza yeye kwa kulipa kodi, umeme, ulinzi na TRA, itauzwa mlangoni na mtu asiyelipa hata robo ya hayo. Ukimsikia analisifia jengo huku akisita kusaini mkataba, ujue anaangalia nje.

Ubungo: hofu kwamba litajaa

Kule Ubungo mambo yaligeuka. Februari 24, 2021, Rais Magufuli alifungua kituo kipya cha mabasi Mbezi Luis, pamoja na barabara za juu za Kijazi pale makutano ya Ubungo. Mabasi ya mikoani yakaondoka kwenye stendi ya zamani ya Ubungo, na pamoja nayo wakaondoka wapiga debe, mama lishe, wauza maji na gesti zote zilizoishi kwa abiria wa alfajiri. Kwenye uwanja ule wa stendi ndipo ukapanda mradi wa mwekezaji kutoka China: kituo cha biashara na usafirishaji cha Afrika Mashariki, chenye maduka zaidi ya 2,000 katika eneo la mita za mraba zipatazo 75,000. Rais Samia alikizindua Agosti 1, 2025.

Hapa hakuna aliyesema halitapata wateja. Hofu ilikuwa kwamba litawapata, na litawatoa Kariakoo. Mteja wa Kongo, Zambia, Malawi au Komoro amekuwa akija Kariakoo kwa sababu mtu wa Kariakoo alishasafiri hadi Guangzhou au Yiwu, akanunua, akapakia kontena, akalitoa bandarini, akauza. Faida yake iko katika ile safari. Sasa mwenye kiwanda, au wakala wake, akiwa na duka Ubungo, safari imefutwa. Mnunuzi atapata bei nzuri zaidi, hilo ni kweli, na tukubali. Lakini aliyekuwa akisafiri hana kazi.

Upande wa pili ulikuwa na hoja zake, wala si hafifu. Jengo kubwa la jumla linaweza kuifanya Dar es Salaam kuwa mahali ambapo nchi sita au saba zinanunulia, badala ya kila mmoja kupanda ndege. Madereva, mawakala wa forodha, wenye maghala na bandari vyote vinapata. Na kwa kweli wapo vijana wa Kitanzania waliosema bora Ubungo mpya yenye bei iliyobandikwa kuliko Kariakoo ya mawinga, ambako bei inategemea umevaa nini.

Mjadala huu ulikuwa umeshapamba moto kabla jengo halijafunguliwa. Februari 2025 aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, aliunda kamati ya kuchunguza wageni wanaofanya biashara za rejareja Kariakoo, kufuatia malalamiko ya wenyeji. Julai 28, 2025, siku nne kabla ya uzinduzi wa Ubungo, ikatangazwa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uuzaji wa jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni na ununuzi wa mazao shambani. Faini yake si chini ya shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia mgeni kuivunja naye ana adhabu yake.

Ukisoma amri ile utaona imeacha nje supamaketi na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Palepale kwenye mwanya huo ndipo mjadala ulipohamia. Jumla ni ipi na rejareja ni ipi, kwa mtu anayeuza kuanzia vipande sita? Na vipi kuhusu duka ambalo leseni ina jina la Mtanzania, ila funguo, fedha na mzigo ni vya mgeni? Kariakoo wanaijua biashara hiyo vizuri kwa sababu baadhi yao ndio wenye majina hayo kwenye leseni. Wanaopinga na wanaonufaika si makundi mawili yaliyotengana. Wakati mwingine ni familia moja.

Nairobi walipitia haya mapema. China Square, duka kubwa lililofunguliwa Januari 2023 kwenye jengo la Unicity la Chuo Kikuu cha Kenyatta, liliuza kwa bei iliyowafanya wateja wapange foleni, na Februari mwaka huohuo wafanyabiashara wakaingia barabarani kuandamana. Wanunuzi wengi hawakuwaunga mkono. Waliwauliza mbona mlikuwa mkituuzia kwa bei mara mbili miaka yote hii. Ni swali baya kwa mfanyabiashara mdogo, na sijasikia likijibiwa vizuri huko wala huku.

Ghorofa la jirani

Mpaka hapa tumezungumzia majengo yanayotangazwa. Mengi hayatangazwi. Kariakoo ilikuwa mitaa ya nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ua. Leo ukiitazama kutoka juu ni ghorofa zilizobanana. Njia ya kawaida ni ubia: mwenye kiwanja anatoa ardhi, mjenzi anatoa fedha, wanagawana sakafu. Kabla zege halijafika ghorofa ya pili, dalali ameshauza nafasi. Anayetaka fremu nzuri analipa kodi ya mwaka, na juu yake analipa kilemba, fedha ya kupishwa mlangoni isiyo na risiti wala marejesho. Hakuna chombo cha kupelekea malalamiko kuhusu kiwango cha kodi. Sheria iliyodhibiti kodi za pango, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji.

Kwa jengo la namna hii mwitikio wa watu ni wa chinichini. Jirani anaona ufa kwenye ukuta wake baada ya wenzake kuanza kuchimba, anamwambia fundi, fundi anamwambia amtafute bosi, bosi hapatikani. Mpangaji anaona nguzo zimeongezwa jeki chini, anaulizia, anaambiwa kuna ukarabati kidogo. Anabaki, kwa sababu ameshalipa kilemba na mzigo wake wote uko humo.

Jumamosi, Novemba 16, 2024, ghorofa moja lilianguka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa ndani madukani. Walikufa zaidi ya watu 20, na waokoaji walifanya kazi kwa siku kadhaa wakiwasikia walionaswa chini ya vifusi. Ilielezwa kuwa kulikuwa na kazi za kupanua sehemu ya chini ya jengo huku biashara zikiendelea juu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo zima. Si mara ya kwanza jiji hili kuona hivyo: Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30.

Bango la ujenzi ambalo sheria inataka libandikwe kwenye saiti lina maana kubwa kuliko watu wanavyolichukulia. Linapaswa kumtaja mwenye mradi, mkandarasi, msanifu, mhandisi mshauri na mkadiriaji majenzi. Ukimwacha mwenye mradi, hao husajiliwa na bodi zao, na bodi hizo zina madaraka ya kusimamisha kazi. Halmashauri ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi, OSHA inaangalia usalama wa wafanyakazi, NEMC inaangalia mazingira. Saiti isiyo na bango ni saiti ambayo hakuna aliyekubali kuandikwa jina lake. Kwa maoni yangu hilo ndilo lalamiko la kwanza ambalo mtaa ungepaswa kulipeleka kwa mtendaji, kabla ya kelele na vumbi.

Wakati wa kusema

Watu hulaumiwa kwamba walinyamaza wakati mradi unapangwa, wakaja kupiga kelele jengo likiwa limeshapauliwa. Lawama hiyo si ya haki, na sababu yake iko kwenye utaratibu wenyewe.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaruhusu watu kutoa maoni na pingamizi kuhusu mpango wa eneo lao. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi wasikilizwe katika tathmini ya mradi mkubwa. Kwenye karatasi, milango ipo. Lakini anayeitwa kwenye vikao hivyo kwanza ni mwenye ardhi, jirani mwenye hati, kiongozi wa mtaa. Fidia nayo humfuata mwenye haki ya ardhi. Mpangaji wa mpangaji, mwenye nusu meza, mama lishe, hawaitwi kwa sababu hawamo kwenye daftari lolote. Na hata wakialikwa, wataulizwa kuhusu vumbi, maji taka na ajira za ujenzi. Hawataulizwa kuhusu kodi na ugawaji, ambayo ndiyo mambo waliyonayo moyoni, kwa kuwa huambiwa hayo yataamuliwa baadaye na mwendeshaji wa jengo. Basi wanasubiri huko baadaye. Ikifika, wanasema kwa sauti kubwa, maana wanajua hapo ndipo pekee panapobaki kitu cha kubadilishwa. Zege halibadiliki tena, lakini orodha inabadilika hata usiku mmoja. Wafanyabiashara wa Kariakoo waliofunga maduka Mei 2023 kwa ajili ya kodi za TRA, hadi Waziri Mkuu akawafuata Mnazi Mmoja kuwasikiliza, walijifunza kwamba kelele za pamoja husikika kuliko barua.

Dawa ya hili si ya gharama. Wiki ya kwanza baada ya moto wa 2021, kila mtu bado alikumbuka nani alikaa wapi. Majirani walijuana, wadai walijuana, risiti chache zilizookolewa zilikuwa bado mkononi. Uandikishaji wa hadharani siku hizo, mwenye mkataba na aliyekuwa mezani wakiwa wamesimama pamoja mbele ya majirani zao, kisha kanuni ya nani anatangulia ikatangazwa kabla ya msingi kuchimbwa, usingegusa hata sehemu ndogo ya zile bilioni 28. Na watu wakishajua wana nafasi, maoni yao hubadilika. Wanaacha kuuliza majina, wanaanza kuuliza ngazi ina upana gani, choo kiko wapi, mlango wa dharura unafunguka kuelekea upande upi, bomba la zimamoto lina maji kweli. Hayo wanayajua kuliko mchoraji yeyote. Kuli aliyebeba magunia Kariakoo miaka ishirini anaweza kukuonyesha kwenye mchoro, kwa kidole, kona ambayo mkokoteni hautakata.